Muulize Fundi: Kompyuta ya maji ikibwabwaja, ikilia au ikitoa tone

Mwezi huu karibu barua zote mlizonitumia zinaongelea kitu kimoja, kompyuta zinazopozwa kwa maji, na naelewa kwa nini, maana mashine za gemu na za kuedit video zinazoingia used kutoka Dubai na Ulaya siku hizi nyingi zina kile kichwa chenye taa juu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na mipira miwili inayoenda kwenye rejeta, mtu anaiona inang'aa dukani anaipenda, akifika nyumbani usiku kumetulia ndo anasikia kitu kinabwabwaja ndani na usingizi unaishia hapo.

Kwa ambaye hajawahi kuifungua, ni kama gari tu. Kuna maji, tena sio maji matupu, yamechanganywa na glaikoli na dawa ya kuzuia kutu na ukungu, yanapita kwenye bamba la shaba lililokaa juu ya prosesa, yanabeba joto, pampu inayasukuma mpaka kwenye rejeta, feni zinapuliza, yanarudi yamepoa yanaanza upya. Ile inayokuja imeshajazwa na kufungwa kiwandani watu wanaiita AIO, na ile ya kujijengea mwenyewe kipande kwa kipande wanaiita loop.

Sasa kabla ya barua nataka niseme hili maana limenisumbua kwenye karibu kila ujumbe: kelele na kuvuja ni magonjwa mawili tofauti. Mtu akisikia sauti anaandika "inavuja", hapana. Tone linatoka kimya kabisa, linaweza kutoka mwezi mzima hujui, na mashine inayobwabwaja kama sufuria ya maharage mara nyingi ukiifungua iko kavu kila sehemu. Sauti tutaitafuta kwa masikio, kuvuja kutatafutwa kwa macho na vidole.

*

"Shikamoo fundi. Niko Tabata, Dar es Salaam. Nimenunua kompyuta ya gemu used Kariakoo, imetoka Dubai, ina rejeta ndefu ya feni tatu mbele. Kila asubuhi nikiwasha inatoa sauti kama mtu anavuta soda kwa mrija na glasi imeisha, dakika moja au mbili halafu inanyamaza. Nimeweka tishu chini, kavu. Jamaa yangu anasema maji yamepungua nifungue niongeze. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, usifungue. Na hongera kwa ile tishu, umefanya jambo la maana kabla hata hujaniandikia.

Hiyo sauti ni hewa. Ndani ya AIO kuna hewa kidogo tangu kiwandani, halafu kuna kitu wengi hawakijui, mpira wenyewe unapitisha maji kidogo kidogo kwa miaka, sio tone, ni mvuke, unapenya kwenye ukuta wa mpira na kupotea hewani bila kuacha alama yoyote. Mipira mizuri ya siku hizi inapunguza sana hilo lakini hailimalizi. Kwa hiyo mashine ikiwa na miaka minne au mitano maji yamepungua bila kuvuja popote, na pale yalipopungua pamejaa hewa. Sasa ongeza safari ya kwenye kontena, kesi, yaani boksi la kompyuta, imelazwa ubavu, imetikiswa wiki kadhaa baharini, hewa iliyokuwa imejikalia juu ya rejeta imesambaa kila kona. Ukizima usiku inapanda, ukiwasha asubuhi pampu inaivuta kwanza kabla ya maji, ndo hiyo glu glu glu yako. Ikiisha ndani ya dakika mbili na joto liko sawa, hiyo sio ugonjwa.

Ila niangalizie kitu kimoja leo leo. Hewa siku zote inapanda, kwa hiyo sehemu ya juu kabisa ya mzunguko wa maji lazima iwe rejeta, isiwe kichwa cha pampu. Kwako rejeta iko mbele, simama pembeni utazame, ule ukingo wa juu wa rejeta uko juu kuliko kile kichwa chenye taa? Kama ndio, sawa. Kama mafundi wa huko ilikotoka waliishusha chini kabisa ya kesi basi hewa yote inakimbilia kwenye pampu, na pampu ikizunguka kwenye hewa inakufa mapema maana maji ndo yanayoilainisha. Halafu angalia mipira inaingia rejeta upande gani. Ikiingilia chini ni vizuri zaidi kwa kelele, hewa inabaki imelala juu mbali na midomo ya mipira. Ikiingilia juu haitaua mashine, ila itabwabwaja zaidi.

Kuitoa hewa pale ilipokwama: zima, chomoa waya wa umeme ukutani, inamisha kesi taratibu kushoto, kulia, mbele, nyuma, kama digrii 30 hivi, kila upande sekunde kadhaa, mpira ukiwa umepinda upige piga kidogo kwa kidole. Isimamishe, washa, ingia BIOS, ile menyu ya setingi inayofunguka kabla ya Windozi, uiwekee pampu asilimia 100, iache saa moja. Rudia siku mbili tatu. Usiinamishe ikiwa inawaka, hasa kama ina hadi diski ya kuzunguka ndani.

Kuhusu joto, weka programu ya HWiNFO, ni ya bure, angalia prosesa ikiwa haifanyi kitu na ikiwa kwenye gemu. Na usijilinganishe na video za YouTube, wale wanapima kwenye chumba cha digrii 21 na wewe Tabata mwezi wa pili chumba kiko 31 au 32, kipoza hakiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba, kwa hiyo chukua namba zao ongeza kumi. Ukiwa na 40 mpaka 50 ikiwa imetulia na 70 mpaka 80 kwenye gemu nzito, lala usingizi.

Siku sauti ikawa haiishi kutwa nzima na joto linapanda wiki hadi wiki, hapo maji yamepungua kweli. AIO nyingi hazina mlango wa kuongezea, zipo chache zinao, kama Alphacool Eisbaer na be quiet! Pure Loop, hizo unajaza maji yake maalum na maisha yanaendelea. Isiyo na mlango, usimruhusu mtu atoboe. Na nikwambie ukweli wangu, kwa mashine used yenye umri huo, ikifika hapo mi ningeweka kipoza cha feni, lile la mnara wa mabomba ya shaba, halina pampu, halina maji, feni ikifa unanunua nyingine jioni hiyo hiyo.

*

"Habari fundi. Niko Nyali, Mombasa, kazi yangu ni kuedit video za harusi. Jana mchana nimekuta matone juu ya kesi na mengine kwenye kioo upande wa ndani, nikazima mbio. Kipoza ni kipya kina miezi mitatu. Kuna fundi amekuja ameangalia akasema rejeta imetoboka ninunue kila kitu upya. Chumbani nina AC naiweka 18 usiku kucha maana mashine inarenda, yaani inatengeneza video ya mwisho."

Nzuri dada, na pole kwa mshtuko. Kuzima mbio ulifanya vizuri sana. Usilipe chochote kwanza.

Umesema matone yalikuwa juu ya kesi. Hapo ndo nilipoanza kuwa na mashaka na ile hukumu ya rejeta, maana maji yanayovuja yanashuka, hayapandi. Ikivuja kwenye kichwa cha pampu utayakuta kwenye kadi ya grafiki iliyo chini yake, ikivuja kwenye rejeta utayakuta kwenye feni zake na sakafu ya kesi, yanafuata njia moja na unaweza kuirudia kwa kidole mpaka ulipo mdomo wake. Matone yaliyotapakaa juu ya bati na kwenye kioo kizima, kila moja peke yake, hayo yametoka hewani.

Nakuuliza, asubuhi hiyo hukuzima AC ukafungua dirisha? Naamini ulifungua. Mashine imemaliza kurenda usiku, imezima, imekaa saa kadhaa kwenye digrii 18, bati limepoa, kioo kimepoa, sasa hewa ya baharini imeingia imebeba unyevu wake wote imekutana na bati baridi. Ni kile kile kinachotokea kwenye chupa ya soda ukiitoa kwenye friji ukaiweka mezani, inatoa jasho, na chupa haijatoboka. Na kipoza chenyewe hakiwezi kuleta jasho hilo mashine ikiwa inawaka, rejeta siku zote ina joto kuliko chumba, hakuna namna iwe baridi kuliko hewa inayoipuliza. Jasho linakuja mashine ikiwa imezimwa na imepoa halafu hewa ya nje ikaingia, wewe ukayakuta matone ulipoiwasha tena.

Sasa uhakikishe mwenyewe. Likibaki tone lolote lichukue kwa kidole cha shahada ulisugue na dole gumba. Maji ya hewani yanasuguka yanaisha, vidole vinabaki vikavu na vinakwaruzana. Maji ya kipoza yana glaikoli, yanateleza kama gliserini ya kupaka mikono, ukisugua yanaendelea kuteleza na baadaye vidole vinanata. Na yakikauka juu ya bati yanaacha duara lenye utando, jasho linakauka haliachi kitu. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni.

Baada ya hapo futa kila kitu, iache kesi wazi saa tatu ndani ya joto la kawaida la chumba, hata usiku mzima ukiweza. Chukua tishu nyeupe isiyo na maua, kata vipande, kimoja zungushia kila mpira pale unapoingia kwenye kichwa na pale unapoingia kwenye rejeta, funga kwa uzi, vingine laza chini ya rejeta na juu ya mgongo wa kadi ya grafiki, ila visiguse feni. Washa, fanya kazi siku mbili kama kawaida. Tishu haidanganyi, hata tone dogo kuliko kichwa cha pini litaacha doa.

Na AC iweke 25 au 26, usiielekeze kwenye mashine moja kwa moja, ukitaka kufungua dirisha subiri AC imezima na chumba kimepata joto lenyewe. Kipoza chako kitafanya kazi vizuri tu kwenye digrii 26, kimetengenezewa hiyo, 18 unaumiza bili ya stima na unakaribisha jasho. Kama tishu zitatoka na doa nitumie picha kabla hujamrudisha yule fundi, kipoza cha miezi mitatu bado kina waranti.

*

"Fundi mambo. Kompyuta yangu inapiga tik tik tik tik haraka haraka, nikiitikisa inaacha halafu inarudi. Ni pampu? Mwanza."

Poa. Ukiitikisa inaacha, basi nina hakika karibu yote ni waya unagusa panga la feni. Fungua pembeni, washa, gusa taratibu kitovu cha kila feni, pale katikati kwenye stika, isimame sekunde moja. Ile itakayosimama na sauti ikakata ndo yenyewe. Funga waya kwa zip tai. Kama hakuna waya unaogusa na feni inayumba ukiitikisa kwa vidole, beringi imeisha, nunua feni, usiipake mafuta ya cherehani, inakaa wiki mbili inarudi pale pale na vumbi juu.

*

"Sasa fundi. Niko Nairobi, nimejijengea loop yangu mwenyewe, mipira laini, rejeta mbili, moja ya shaba na nyingine nilipata bei poa kwa jamaa, ni ya alumini. Nikajaza kulanti ya gari ile ya kijani na maji ya mfereji. Sasa ni miezi sita, maji yamekuwa na matope, kwa fitting (kiungo cha mpira) ya kadi ya grafiki kuna kitu kijani kimeganda na kinanata, na joto limepanda. Lakini inawaka poa. Niendelee ama?"

Ndugu yangu zima sasa hivi, soma mengine ukiwa umezima. Na chomoa ukutani, sio kuzima kwa kitufe tu.

Kwanza nikueleze kilichotokea, maana sio bahati mbaya. Alumini na shaba zikiwa ndani ya maji mamoja unakuwa umetengeneza betri, kweli kabisa, umeme mdogo unapita kati yao na alumini ndo inayoliwa. Matope unayoyaona ni hiyo rejeta ya bei poa inayeyuka. Maji ya mfereji yameongeza kasi kwa sababu yana chumvi na klorini. Na kulanti ya gari imewekewa dawa zake kwa ajili ya injini, wengine wanaitumia na inawaendea, lakini ukichanganya kwa macho na maji ya mfereji dawa inakuwa hafifu haimlindi mtu. Yale matope yanakwenda kukwama wapi? Ndani ya kile kichwa kuna vijifereji vya shaba vyembamba kama meno ya kitana, ndo vinavyotoa joto, vikiziba joto linapanda, ndo unachokiona.

Na hicho kijani kilichoganda kwenye fitting ndo kuvuja kwenyewe. Tone linatoka, maji yanakauka kwa joto la kadi, glaikoli na kutu ya shaba vinabaki vinajijenga kama chumvi kwenye jiko la mkaa. Kwa sasa imejiziba yenyewe, siku ukiigusa au mpira ukivutwa kidogo itafunguka. Watu wananiambia "fundi maji haya hayapitishi umeme", sawa, maji safi kweli hayapitishi sana, ila yakishazunguka miezi sita juu ya metali yamebeba kila kitu, na yakianguka juu ya vumbi la kadi yanabeba na hilo, yanapitisha vizuri sana.

Kwa hiyo: toa ile betri ya mviringo kwenye madabodi, ile bodi kubwa ya kompyuta, mwaga maji yote, toa kadi, fungua bamba la nyuma, tazama kwa tochi kila palipo na unyevu au kijani. Suuza hapo kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yaani distilled, maana glaikoli inayeyuka vizuri kwenye maji, halafu ndo upitishe spiriti ya isopropili ya asilimia 99 kwa mswaki laini, kisha iache mbele ya feni siku mbili. Usitumie drai ya nywele kwa moto. Na mchele tafadhali sana usiweke, hauvuti maji yaliyo chini ya chip, unaingiza tu vumbi la wanga kwenye soketi.

Rejeta ya alumini itoe moja kwa moja, usiirudishe hata ukiisafisha. Kichwa fungua uvisugue vijifereji kwa mswaki. Oringi zote, vile vipete vya mpira vya kwenye fitting, nunua mpya, ni vitu vya bei ndogo na ndo vinavyozuia maji, sio nguvu ya mkono wako. Hapa naongea kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilikuwa nafunga fitting kwenye kichwa cha akriliki cha mteja, nikaona bora nikaze zaidi niwe na uhakika, nikachukua spana. Nilisikia kitu kama kucha inakatika. Ufa mwembamba kama unywele ulitoka kwenye tundu ukaenda mpaka ukingoni, na kile kichwa nilikilipa mimi. Tangu siku hiyo fitting nafunga kwa vidole mpaka oringi ikae, halafu robo mzunguko, basi.

Ukishafunga upya usiwashe kompyuta. Unawasha pampu peke yake. Chomoa nyaya zote za pawa saplai kwenye madabodi na kwenye kadi, bakiza ile ya pampu tu, halafu kwenye ile plagi kubwa ya matundu 24 unganisha waya wa kijani na mmoja mweusi wa jirani yake, ni tundu la 16 na la 17, kama nyaya zako zote ni nyeusi nunua kile kiunganishi kidogo cha kazi hiyo usibahatishe. Jaza taratibu, pampu isizunguke kavu hata sekunde tano, unajaza unawasha kidogo unazima unajaza tena. Zungushia tishu kila kiungo kama nilivyomwambia dada wa Nyali, iache izunguke saa 24. Kuna wenye kipimo cha hewa, unapampu mpaka kama nusu baa unatazama mshale nusu saa, usiposhuka hakuna tundu, na uzuri wake unapima kabla hujaweka hata tone. Ukimpata mwenye nacho Nairobi muazime.

Maji ya kujaza ni kulanti ya kompyuta au distilled na dawa yake. Petroli stesheni wanauza maji ya betri, hayo ni distilled, lakini soma chupa vizuri kabisa maana rafu hiyo hiyo wanaweka na asidi ya betri na chupa zinafanana.

Na hilo la mwisho halihusu kompyuta. Kulanti ya gari nyingi ina ethilini glaikoli, ni sumu na ina ladha tamu, mtoto au paka akiramba kidimbwi chake sakafuni ni hatari kubwa. Ukimwaga, mwaga kwenye chombo chenye mfuniko, futa sakafu kwa maji na sabuni.

*

"Fundi, sauti yangu ni zii zii nyembamba, inakuja nikifungua menyu ya gemu tu, nikirudi kwenye desktop inakata hapo hapo. Naogopa pampu. Arusha."

Pampu haijui kama umefungua menyu, mdogo wangu. Hiyo ni kadi ya grafiki, ina vikoili vidogo vinatetemeka umeme mwingi ukipita, na menyu za gemu nyingi zinaachia picha mia kadhaa kwa sekunde bila sababu. Weka kikomo cha picha 60 kwa sekunde kwenye setingi za gemu, itapungua au itaisha. Haiharibu kitu.

*

"Assalamu alaykum fundi. Niko Unguja. Kipoza changu kilikuwa kinalia mluzi kama mbu wiki tatu, nilikuwa nakerwa sana, juzi kikanyamaza chenyewe nikashukuru. Lakini toka juzi hiyo kompyuta inajizima kila baada ya dakika tano na feni zinavuma kama jenereta. Ni umeme wa hapa au nini?"

Waalaykum salaam ndugu yangu. Hapana, sio umeme. Pampu yako ilikuwa inalia kwa sababu inakufa, na imenyamaza kwa sababu imeshakufa au inakaribia. Naomba usiiwashe tena kwa kazi, washa kwa vipimo hivi tu, kila kimoja dakika mbili.

Ingia BIOS ukae hapo hapo usiingie Windozi. Tazama joto la prosesa. Ikiwa salama litapanda mpaka 40 au 50 na kusimama. Kwako naamini litapanda unaliona kwa macho, 60, 70, 85, kila sekunde namba mpya. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha digrii 100 na nyingi za Ryzen 7000 ni 95, zikifika hapo zinapunguza kasi zenyewe, isiposaidia zinazima ili zisiungue. Kwa hiyo huko kujizima ni kinga, prosesa yako inawezekana kabisa ni nzima. Kwenye ukurasa huo huo tafuta palipoandikwa AIO_PUMP au CPU_FAN, pampu nyingi zinasoma mizunguko 2,000 mpaka 3,000 kwa dakika, ukiona sifuri jibu unalo.

Lakini kusoma mizunguko hakumaanishi maji yanatembea, inaweza kuzunguka kwenye hewa au kwenye matope. Kwa hiyo shika mipira miwili kwa mikono miwili, karibu na kichwa. Maji yakitembea yote ina uvuguvugu unaokaribiana. Mmoja ukiwa moto na mwenzake baridi, au yote baridi na kichwa kinaunguza, maji yamesimama.

Halafu chukua mwiko wa ugali. Nasema kweli, mafundi wa magari wanasikiliza injini kwa bisibisi ndefu lakini ndani ya kompyuta inayowaka chuma hapana, mti haupitishi umeme. Ncha ya mwiko iweke juu ya kichwa cha pampu, mpini uuegemeze kwenye kile kifupa kilicho mbele ya sikio. Pampu nzima utasikia mvumo laini, sawasawa, kama friji ya chumba cha pili. Iliyokwama inagonga gonga kama inataka kuanza ikashindwa. Iliyokufa utasikia feni za mbali tu.

Kabla hujaizika, mambo mawili. Angalia waya wake wa umeme haujalegea, pampu nyingine zinakula kwenye plagi ya SATA, ile bapa ya pawa saplai, na ile inachomoka kirahisi. Na angalia BIOS haijaifanyia kama feni, kuipunguzia kasi kompyuta ikiwa imetulia, pampu nyingi hazipendi hilo, zinalia na zinakwama, iweke asilimia 100 muda wote. Kama pampu nayo ina hewa, ile kuinamisha niliyomweleza kijana wa Tabata jaribu mara moja.

Ikigoma, usifungue kichwa. Baadhi ya makampuni yanatoa waranti ya miaka mitano au sita na ukishagusa skrubu zake umeipoteza. Stika yenye namba iko kwenye rejeta, mara nyingi upande uliogeukia bati, itabidi uzitoe feni uione. Ipige picha unitumie pamoja na aina ya soketi ya prosesa yako, yaani tundu inapokaa kwenye madabodi, nikujibu kipoza gani cha feni kitaingia kwenye kesi hiyo ukiwa unasubiri.